Bunduki nafuu ya mashindano ya shabaha: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

AGOSTI 2004, katika Michezo ya Olimpiki mjini Athens, Ugiriki, mlenga shabaha wa Marekani, Matthew Emmons, alitwaa medali ya dhahabu katika shindano la bunduki la mita 50 la kulala kifudifudi. Bunduki aliyoitumia siku hiyo haikuwa yake. Yake ilikuwa imeharibiwa na mtu asiyejulikana kabla ya mchujo wa timu ya taifa, naye akalazimika kuazima ya mwenzake.

Tukio hilo linabeba funzo kwa kila anayetaka kuingia katika mchezo huu akiwa na fedha kidogo. Wageni wengi huamini kwamba bunduki ya gharama kubwa ndiyo inayoleta ushindi. Wengine hukosea upande wa pili: hununua ile ya bei ya chini kuliko zote, kisha huvunjika moyo risasi zinapotawanyika kwenye karatasi bila wao kujua kama kosa ni lao au ni la chombo. Mchezaji wa namna hiyo hawezi kujirekebisha, kwa kuwa hajui la kurekebisha.

Kwa hiyo, bunduki nafuu inayofaa kwa mashindano ni ile iliyo sahihi kiasi kwamba risasi ikienda kombo, mchezaji anaweza kusema bila shaka kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Risasi ndogo, mchezo mkubwa

Bunduki zinazozungumziwa hapa hutumia risasi ya .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Upana wake ni milimita 5.6, na kichwa chake cha risasi laini kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 2.6. Inatofautiana na risasi kubwa za kuwindia kwa kuwa fataki yake haiko katikati ya kitako cha ganda, bali imejazwa ndani ya ukingo wake. Pini ya bunduki hugonga ukingo huo na baruti huwaka.

Muundo huo una faida zake. Risasi ni ya bei nafuu, haina mshindo mkubwa begani, na kelele yake ni ndogo. Mtu anaweza kupiga risasi 60 kwa siku bila kuumia wala kuanza kuogopa mlipuko. Hata hivyo, ganda lililokwisha kutumika halijazwi upya kama yafanyavyo makombora ya bunduki kubwa, hivyo mchezaji hutegemea kabisa ubora wa kiwanda.

Bunduki ya kukoki kwa mkono, yaani ile ambayo mpigaji huinua mpini wa bolti, huuvuta nyuma na kuusukuma mbele kila baada ya risasi, imetawala mashindano ya aina hii kwa miaka mingi. Sababu ni kwamba bolti hufunga chemba kwa namna ileile kila mara, haina mitambo mingi inayotikisika wakati risasi ingali ndani ya mtutu, na ni rahisi kuisafisha. Zile za kujikoki zenyewe zina kasi, lakini katika shabaha ya mita 50 hakuna anayezawadiwa kwa kuwahi.

Kwanza ni kanuni, kisha duka

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kwenda dukani kabla ya kusoma kanuni za shindano wanalolitaka.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kulenga Shabaha (ISSF), zinazotumika pia katika Olimpiki, zinataka bunduki ya mita 50 ijazwe risasi moja moja, na haziruhusu darubini. Mchezaji hulenga kwa kutazama kupitia tundu dogo lililo nyuma, karibu na jicho, na pete iliyo mbele ya mtutu. Ikumbukwe kwamba shindano la wanaume la kulala kifudifudi liliondolewa katika Olimpiki baada ya Rio 2016, na lililobaki kwa bunduki za aina hii ni lile la mikao mitatu: kupiga magoti, kulala na kusimama.

Nchini Marekani, taasisi ya Civilian Marksmanship Program huendesha mashindano yaliyobuniwa makusudi kwa ajili ya bunduki za kawaida. Bunduki pamoja na vilengeo vyake haitakiwi kuzidi ratili 7.5, sawa na kilo 3.4, na kifyatulio lazima kihimili angalau ratili 3, sawa na kilo 1.36. Shabaha huwekwa yadi 25 na yadi 50. Aliyenunua bunduki nzito yenye kifyatulio chepesi, akidhani amenunua ubora, atazuiwa na waamuzi kabla ya kupiga hata risasi moja.

Mashindano mengine ya Marekani, yajulikanayo kama NRL22, yana daraja linaloweka kikomo cha bei ya bunduki na darubini kwa pamoja, ili mwenye mfuko mdogo asishindane na mwenye mfuko mkubwa. Nchini Uingereza, klabu nyingi hufuata kanuni za National Small-bore Rifle Association, chama kilichoanza mwaka 1901 kwa jina la Jumuiya ya Klabu za Bunduki za Wafanyakazi. Jina hilo la awali latosha kuonyesha kwamba mchezo huu haukukusudiwa kuwa wa matajiri peke yao.

Usahihi unaotosha ni upi?

Wauzaji hupenda kusema kwamba bunduki fulani ni sahihi mno. Njia bora ni kupima dai hilo kwa karatasi ya shabaha.

Katika shabaha ya ISSF ya mita 50, pete ya alama 10 ina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Risasi ikigusa mstari wa pete huhesabiwa alama ya juu zaidi. Kwa kuwa risasi yenyewe ina upana wa milimita 5.6, kitovu chake kinaweza kuwa umbali wa milimita 8 kutoka katikati na bado ikapata 10. Maana yake, bunduki inayoweza kuweka risasi zake zote ndani ya duara la milimita 16, likipimwa kwa vitovu vya matundu, haitamnyima mchezaji alama yoyote.

Ile inayotawanya risasi ndani ya duara la milimita 30, hata ikiwa imeegemezwa vizuri juu ya meza, itampa alama 9 mara kadhaa pale ambapo yeye hakukosea. Kwa anayejifunza hilo si janga, bali kwa anayeshindana ni mzigo anaoubeba katika kila shindano.

Upepo nao haupaswi kusahauliwa. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni unaweza kuisukuma risasi hii kwa sentimita 2 hadi 3 katika mita 50. Pete za shabaha hupishana kwa milimita 8, hivyo upepo pekee waweza kula alama 3. Hakuna bunduki, hata iwe ya bei gani, inayomwondolea mchezaji kazi ya kusoma upepo.

Sehemu nne za kuchunguza

Mtutu ndio wa kwanza. Mtutu mnene haubadiliki sana kwa joto na humsaidia mpigaji kutulia, ila huongeza uzito. Urefu hauongezi usahihi kama wengi wanavyodhani, kwani baruti ya risasi hii ndogo humaliza kazi yake mapema, na faida kubwa ya mtutu mrefu ni kuongeza umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Mdomo wa mtutu uchunguzwe kwa makini, kwa kuwa mkwaruzo mdogo mahali hapo huipotosha risasi inapotoka. Aidha, katika bunduki nyingi za shabaha mtutu haugusi ubao ulio chini yake. Mnunuzi anaweza kupitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na ubao. Karatasi ikikwama, aulize kwa nini.

Kifyatulio ni cha pili, na wachezaji wengi wazoefu hukihesabu kuwa sawa na mtutu kwa umuhimu. Kinachotakiwa ni kifyatulio kinachoachia ghafla, bila kukwaruza wala kuvutika, na kinachoachia kwa uzito uleule kila mara. Kifyatulio kizito na kigumu humfanya mchezaji asogeze bunduki nzima wakati anapobana kidole. Hata hivyo, kukilegeza kupita kiasi ni hatari. Marekebisho yafanywe na fundi bunduki mwenye leseni, kwa mujibu wa maelekezo ya kiwanda.

Cha tatu ni kitako. Bunduki nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa kipimo kimoja, hivyo kijana, mwanamke mwenye mikono mifupi au mtu mrefu sana hujikuta akijikunja kuifuata bunduki. Kipimo rahisi ni hiki: mnunuzi, baada ya kuhakikisha kuwa bunduki haina risasi na imeelekezwa mahali salama, aiweke begani akiwa amefumba macho, alaze shavu bila kujilazimisha, kisha afumbue. Kama jicho limekutana na kilengeo, kitako kinamfaa. Kama analazimika kuinua shingo, atahitaji kitako chenye sehemu ya shavu inayopandishwa, au vipande vya mbao vya kuongeza urefu.

Cha nne ni vilengeo. Anayelenga mashindano ya ISSF ahakikishe kwamba mgongo wa bunduki una reli au matundu ya kufungia kilengeo cha tundu, kwa sababu kilengeo kizuri cha aina hiyo chaweza kugharimu fedha nyingi kuliko alivyotarajia. Anayeruhusiwa kutumia darubini achague ile iliyorekebishwa kwa umbali mfupi. Darubini nyingi za bunduki za kuwindia zimewekwa kwa mita 100 na zaidi, na katika mita 50 alama ya kulengea huonekana ikihama kila mpigaji anapotikisa kichwa.

Zilizopo sokoni

Katika kundi la bei ya chini, majina yanayotajwa mara nyingi ni Savage Mark II na Ruger American Rimfire. Savage hujivunia kifyatulio chake kiitwacho AccuTrigger, ambacho mnunuzi anaweza kukirekebisha uzito na ambacho kina ulimi mdogo katikati unaozuia bunduki kufyatuka kwa bahati mbaya. Ruger ina vipande vya kubadilisha kimo cha sehemu ya kuegemeza shavu, jambo linalowafaa wanaotumia darubini na vilengeo vya kawaida kwa zamu. Kwa bei za Marekani, matoleo mengi ya bunduki hizi huuzwa chini ya dola 500.

Hatua moja juu yake ipo CZ 457, kutoka Jamhuri ya Czech, iliyochukua nafasi ya 455 na 452 zilizojijengea sifa kwa miaka mingi. Mpini wa bolti yake huinuliwa kwa nyuzi 60 tu, kifyatulio chake hurekebishwa, na mtutu waweza kubadilishwa. Ina matoleo kadhaa, yakiwamo yenye mtutu mnene kwa ajili ya shabaha. Mshindani wake ni Tikka T1x ya Finland, iliyoingia sokoni mwaka 2018, inayosifiwa kwa bolti laini na mtutu mzuri. Bunduki hizi mbili kwa kawaida huwa kati ya dola 500 na 1,000, na kwa wachezaji wengi wa klabu hakuna haja ya kupanda zaidi ya hapo katika miaka ya mwanzo.

Kwa anayetaka mikao mitatu ya kimataifa, jina kubwa ni Anschütz, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1856 na yenye makao yake Ulm. Bunduki zake za juu ni ghali mno, lakini zile zenye mtambo uitwao Match 64, kama vile toleo la 1903, ni za bei ya chini na zimewalea vijana wengi. Hapa ndipo soko la mitumba linapokuwa na maana.

Mitumba: mali au mtego?

Bunduki za .22 huzeeka taratibu. Risasi yake ni laini na msukumo wake ni mdogo, hivyo mtutu uliotunzwa huweza kupiga makumi ya maelfu ya risasi na kubaki na usahihi wake. Ndiyo maana bunduki kama Winchester 52, ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 1980, bado huonekana mashindanoni.

Lakini mnunuzi wa mtumba awe macho. Aangalie ndani ya mtutu kwa mwanga: kutu, makovu na uvimbe ni dalili za kuachana na biashara hiyo. Achunguze ukingo wa chemba, kwa kuwa bunduki iliyozoea kufyatuliwa tupu, bila risasi, yaweza kuwa na alama ya pini mahali hapo, na alama hiyo huharibu upakiaji. Aulize kama vilengeo, magazini na skrubu zote zipo, maana vipuri vya bunduki iliyokoma kutengenezwa ni adimu na muuzaji anayevimiliki hupanga bei anavyotaka. Mwisho, aombe kuijaribu kwenye uwanja wa klabu. Muuzaji anayekataa amejibu swali.

Bajeti halisi ni risasi

Wazoefu husema bei ya bunduki hulipwa mara moja, lakini ya risasi hulipwa kila wiki. Mchezaji anayepiga risasi 100 kwa wiki atatumia 5,200 kwa mwaka. Ikiwa kila moja itagharimu senti 10 za dola, hiyo ni dola 520, yaani bei ya bunduki nyingine ya daraja la chini. Ikiwa atatumia risasi za daraja la juu za mashindano, gharama yaweza kuwa maradufu na zaidi.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba bunduki mbili za toleo moja, zilizotoka kiwandani siku moja, zaweza kupenda risasi tofauti. Kwa hiyo inashauriwa kununua boksi moja moja la aina mbalimbali, kwa mfano CCI Standard Velocity, SK na Eley, kisha kupiga makundi kadhaa ya risasi kumi kumi kutoka mezani na kulinganisha. Kundi moja zuri la risasi tano halithibitishi kitu, kwani huenda ni bahati. Aina iliyoshinda inunuliwe kwa wingi, na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi izingatiwe, kwa sababu toleo jingine la jina hilohilo laweza kwenda tofauti.

Aidha, risasi za kasi ya kawaida, zinazotoka kwa takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde, ndizo zinazofaa. Zile za kasi kubwa huanza safari zikiwa zimepita kasi ya sauti, iliyo karibu mita 340 kwa sekunde, kisha hupungua na kuvuka mpaka huo zikiwa njiani. Msukosuko wa kuuvuka huziyumbisha.

Kwa sababu hiyo, mwenye dola 1,000 asizimalize zote kwenye bunduki. Atenge sehemu kwa risasi, mkanda wa mkononi wa kutulizia bunduki, mkeka, kinga ya masikio na macho, na ada ya klabu. Bunduki ya dola 500 iliyopigishwa risasi elfu kadhaa chini ya jicho la mwalimu itamfikisha mbali kuliko ya dola 1,000 iliyolala kabatini kwa kukosa risasi.

Sheria na usalama

Udogo wa risasi ya .22 usimdanganye mtu. Inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na inaua. Ipigwe katika viwanja vilivyoidhinishwa pekee, mtutu uelekezwe upande wa shabaha wakati wote, kidole kisiingie kwenye kifyatulio kabla ya kulenga, na bolti ibaki wazi huku kibendera cha usalama kikiwa ndani ya chemba pale watu wanapokwenda mbele. Risasi hizi zina madini ya risasi, kwa hiyo mikono inawe kabla ya kula.

Katika Afrika Mashariki, kumiliki bunduki bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ni ya michezo. Nchini Kenya masharti yamo katika Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na nchini Tanzania katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anayevutiwa na mchezo huu aanze kwa kuuliza mamlaka za leseni na klabu inayotambuliwa, kamwe asianze kwa kutafuta muuzaji. Ni vema pia kujua kwamba mlango wa kimataifa umepungua upana: kulenga shabaha kuliondolewa katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022.

Kwa wanaoishi nchi zenye klabu nyingi, kama Uingereza na Marekani, njia nafuu kuliko zote ni kuazima. Klabu nyingi zina bunduki zake kwa ajili ya wanachama wapya. Miezi michache ya kuzitumia humwonyesha mtu urefu wa kitako unaomfaa, mkao anaoupenda na shindano linalomvutia. Baada ya hapo hununua mara moja, wala hanunui mara tatu.

Ama kuhusu Emmons, siku chache baada ya dhahabu yake ya Athens alirejea uwanjani kwa fainali ya mikao mitatu. Alikuwa akiongoza hadi risasi ya mwisho. Bunduki ikapiga sawasawa, risasi ikaenda pale alipolenga, ila shabaha aliyoilenga ilikuwa ya mshindani wa pembeni. Alama zikawa sifuri, naye akaporomoka hadi nafasi ya nane. Katika risasi ile bunduki haikuwa na kosa lolote.